Mifano ya Bwana Tuseme

Kuna wanawake wanaopekua mifuko ya koti la mume, na kuna wanaonusa kola za mashati. Fundi yeye alipekua vitabu.

Mumewe alikuwa profesa wa falsafa. Kazi yake, tangu ana nywele nyeusi mpaka zikabaki chache za pembeni, ilikuwa kuuliza lipi la haki na lipi si la haki, nani kampa nani ruhusa ya kumtawala mwenzake, na mtawala anawiwa nini na watu wake. Kazi ya namna hiyo haina nyundo wala msumeno, ina maswali tu. Na kila swali alilianza kwa neno moja: tuseme. Tuseme kuna kitanda kimoja hospitalini na wagonjwa wawili. Tuseme kiongozi ametoa ahadi akiwa na homa kali. Wanafunzi wakamwita Bwana Tuseme. Jina likatoka chuoni, likavuka barabara, likafika kwa muuza magazeti, na mwenyewe akiitwa hivyo aliitika bila kinyongo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Fundi. Cherehani yake ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, mahali penye mwanga. Shule aliiachia darasa la nne. Kusoma alijua, lakini polepole, kidole kikitangulia macho.

Siri ya nyumba ile ni kwamba falsafa yote ilianzia kwenye kigoda cha wateja. Kila jioni Bwana Tuseme alirudi, akavua viatu, akakaa kwenye kile kigoda karibu na cherehani, akasema, "Mama, tuseme..." Fundi alisikiliza mpaka mwisho, sindano ikiwa mdomoni, kisha akaitoa sindano akasema, "Hapana."

"Hapana kwa nini?"

"Kwa sababu huyo mtu wako hana tumbo. Mtu mwenye tumbo hafanyi hivyo."

Bwana Tuseme aliinuka mbio kwenda chumbani kuandika. Dakika kumi baadaye yuko pale tena, kalamu sikioni, na swali limegeuzwa nje ndani kama nguo inayotaka kupunguzwa.

Kitabu cha kwanza kilizaliwa hivyo. Alikuwa mwalimu msaidizi wakati huo, mwenye koti moja ambalo Fundi aliligeuza kola mara mbili. Alihangaika wiki nzima na mama mmoja aliyeleta kitambaa cha magauni matatu ilhali ana binti wanne. Wapigiwe kura? Mkubwa asubiri? Aliyefanya kazi nyingi apewe kwanza? Fundi akamwambia, "Nani kasema lazima yawe magauni? Shona sketi nne." Basi kutoka kwenye zile sketi nne Bwana Tuseme alitoa kurasa mia mbili za kuonyesha kwamba dhuluma nyingi huanzia kwa yule anayelipanga swali, kabla hata watu hawajaanza kugawana. Watu wa vyuo vya mbali waliandika barua.

Kitabu cha pili ndicho kilichomponza. Fundi alikuwa na desturi ambayo mafundi wengine waliiona wazimu. Nguo ikiisha, vipande vilivyobaki alivitia kwenye mfuko na kumrudishia mteja, hata kama ni vya upana wa kidole. "Kitambaa ni chake," alisema. "Mimi nimeshikishwa tu." Bwana Tuseme akaandika kwamba serikali nayo imeshikishwa tu kitambaa cha watu, na siku ya mwisho irudishe nguo, na vipande pia. Wakubwa hawakucheka. Alisimamishwa kazi miaka miwili, na miaka hiyo miwili nyumba ilikula sare za shule alizoshona Fundi, mchana kutwa, mgongo ukimuuma mpaka akawa anakaa upande upande. Hawakujuta. Aliporudishwa chuoni walimpa uprofesa, na wakubwa wale wale walimpa mkono.

Na ilikuwa desturi, kitabu kikitoka, nakala ya kwanza ni ya Fundi. Hakukisoma chote, hasha, maana maneno mengine yalikuwa marefu kama treni ya mizigo. Alipitisha kidole akitafuta neno Tuseme. Akilipata, anasoma hapo mpaka aya iishe, anacheka peke yake, kwa kuwa amejikuta mle ndani: mkasi wake, chaki yake, wateja wake wasumbufu.

Sasa kikaja kitabu cha nne. Bwana Tuseme alikiweka juu ya meza ya cherehani. "Nakala yako, mama," akasema, akaingia bafuni upesi kuliko kawaida.

Fundi akavaa miwani, akatanguliza kidole.

Tuseme dobi amepokea mashuka mawili yanayofanana.

Akafunua. Tuseme kamba ya kuanikia ni moja na majirani ni watano. Akafunua. Tuseme pasi imeunguza shati, na mwenye shati hajui. Akafunua mpaka jalada la nyuma. Kulikuwa na wanga, na vibanio, na mabeseni, na mvuke. Uzi haukuwamo. Sindano haikuwamo. Hata kifungo kimoja cha kuombea msamaha hakikuwamo.

"Dobi," alisema Fundi kwa sauti, kama mtu anayeonja kitu kuona kama kimechacha.

Mashati ya mumewe Fundi aliyafua mwenyewe, tangu siku ya kwanza ya ndoa.

Kesho yake wifi yake, dada wa Bwana Tuseme, alileta pazia la kupindwa. Alimkuta Fundi anaikanyaga cherehani mpaka dirisha linatetemeka.

"Wifi, mbona unaipiga hiyo mashine kama imekutukana?"

"Ndugu yako ana mwanamke."

Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu huyu anayevaa soksi mbili tofauti? Wifi yangu, ndugu yangu akitongozwa atauliza kwanza kutongoza maana yake nini, na mwanamke wa watu atazeeka hapo hapo akisubiri maelezo."

"Cheka tu. Soma hapa."

Wifi akasoma. Akageuza kitabu, akasoma tena. "Sasa dhambi iko wapi? Ni mashuka."

"Mashuka ya nani?"

"Ya kitabuni, wifi!"

"Wewe ulizaliwa naye tu, mimi nimeishi naye. Huyu hajabuni kitu tangu aje duniani. Akiandika kamba, ameiona kamba. Na akiandika mvuke wa pasi unapanda mpaka usoni mwa mwanamke, mwanamke anafumba jicho moja, basi hilo jicho amelikodolea macho."

Wifi akakivuta kitabu. "Ameandika jicho?"

"Ukurasa wa sabini na mbili."

Wifi akalitafuta lile jicho, akalipata, akafunga kitabu taratibu. "Hapo sina utetezi," akasema. "Pazia usilikimbilie, nitakuja Jumamosi."

Kama Fundi angeambiwa mumewe ameonekana mkahawani na mwanamke mzuri, angeuliza walikula nini, yakaisha. Lakini kwenda kukaa kwenye kigoda cha mwanamke mwingine na kusema tuseme! Hilo lilimchoma. Alikumbuka ghafla kwamba kigoda chake mwenyewe Bwana Tuseme alikuwa hajakikalia siku nyingi. Jioni siku hizi alikuja, akasalimu, akauliza mgongo unaendeleaje, akaenda chumbani na kufunga mlango kwa adabu. Fundi alidhani ni uzee. Kumbe maswali yamepata mwenyewe mwingine! Na mhadhara wake wa kuaga chuo, maana alikuwa anastaafu, ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Angesimama mbele ya chuo kizima, aifunge kazi yake ya miaka thelathini na minne kwa mfano wa dobi, na Fundi akae mstari wa mbele apige makofi.

"Sitapiga," aliiambia cherehani.

Siku ya Jumatatu alichukua kitambaa cheupe cha meza, kisafi kabisa, akakimwagia chai kwa makusudi, akatoka.

Duka la dobi lilikuwa nyuma ya posta, chumba kimoja kirefu, meza ya pasi katikati, nguo zikining'inia na namba zilizobanwa kolani. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mikono minene, vidole vimechanika kwa sabuni. Na kwenye msumari wa ukutani, ndani ya nailoni, Fundi aliona joho la mumewe la uprofesa. Alilishona kwa mkono wake. Mishono ya pindo lile angeitambua hata gizani.

Dobi alikigusa kitambaa. "Doa la chai," akasema. "Na bado lina joto. Umeimwaga ukiwa njiani, dada?"

"Bahati mbaya."

"Pole." Mvuke ukampanda usoni, akafumba jicho moja. Fundi akalitazama lile jicho. La kawaida tu, wala halikuwa zuri, na hilo halikumsaidia kitu.

"Kigoda hiki ni cha nani?"

"Cha wateja. Lakini siku hizi kina mwenyewe, mzee mmoja wa chuo. Jumanne na Alhamisi, hakosi. Alileta joho lile lisafishwe. Joho lilimalizika siku ileile, wala halichukui, kilichobaki ni mdomo."

"Anasema nini?"

"Tuseme." Dobi akacheka. "Tuseme hivi, tuseme vile. Sijawahi kuona mtu mzima anasumbuliwa na watu ambao hawapo."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Namjibu ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo tu, dada. Nina mashuka arobaini ya nyumba ya wageni. Nilijaribu kumwambia hapana siku moja. Alikaa saa tatu ananiuliza kwa nini, nguo zikakauka kwenye kamba zikawa mbao. Tangu hapo nasema ndiyo mwalimu, kweli kabisa mwalimu. Anafurahi, anaandika, anaondoka."

Mtu angedhani moyo wa Fundi ungetulia hapo. Wapi! Damu ndiyo kwanza ilimpanda.

"Unamwambia ndiyo mume wangu?"

Dobi akaisimamisha pasi wima mezani. "Mume wako?"

"Miaka thelathini na minne sijamwambia ndiyo hata jioni moja! Vitabu vyake vimesimama kwa sababu kuna mtu alivisukuma kwa bega kabla havijatoka nyumbani. Wewe unamlisha ndiyo kama uji wa mgonjwa! Nikasema kitabu kile mbona laini hivi, kinabonyea kila nikishika!"

"Kumbe wewe ndiye yule fundi wake wa vifungo!" Dobi alimvuta kigoda. "Kaa, dada. Kaa, usije ukaanguka kwenye beseni. Kila siku ananiambia, zamani nilikuwa na mtu wa kumuuliza."

"Zamani? Kwani nimekufa?"

"Nilidhani hivyo. Nilikuwa namwonea huruma mzee wa watu, kafiwa na mke."

Fundi akakaa. Dobi akarudi kwenye pasi, akaendelea kama mtu anayejisemea. "Wiki iliyopita kaniletea moja gumu, anasema ndilo la kuagia. Mtu ameacha nguo kwa dobi, akasema, usiniite, usinitafute, nitakuja mwenyewe. Haji. Dobi afanye nini? Mzee anasema neno la mtu ni neno la mtu. Dobi azitunze, asimtafute, hata ipite miaka. Nikamwambia ndiyo mwalimu." Akaligeuza shuka upande wa pili. "Lakini ilinitokea mimi hiyo."

"Ilikutokea?"

"Mama mmoja alileta suti za mumewe. Akaniambia hivyo hivyo, usinitafute. Wiki ya tatu zikawa zinaniangalia pale ukutani. Nikamfuata kwake. Mume alikuwa amefariki. Alizileta zisafishwe, akashindwa kuzirudia. Aliponiona mlangoni na zile suti alinishika shingo akalia mpaka blauzi yangu ikalowa. Akasema, nilikuambia usinitafute kwa sababu sikuwa na nguvu za kukuambia nitafute. Sasa kila Jumapili tunakunywa chai."

"Na hilo umemwambia Profesa?"

"Hakuniuliza nilifanya nini. Aliniuliza dobi afanye nini. Kwake hayo ni mambo mawili."

Fundi aliondoka bila kitambaa na bila namba ya kitambaa.

Jioni ile jua lilikuwa bado limelala juu ya meza ya cherehani Bwana Tuseme alipoingia. Fundi alikuwa amekifuta kigoda vumbi.

"Baba watoto, nipe swali."

Bwana Tuseme alisimama na kiatu kimoja mkononi. "Siwezi."

"Huwezi?"

"Ulinikataza."

"Mimi? Lini?"

"Miaka minne iliyopita, mwezi wa tano, siku ya Jumatano. Ulikuwa umesimama pale na beseni. Nilisema tuseme, ukasema, usiniulize tena maswali yako, maisha yangu yote. Nikasema sawa."

Fundi akatazama pale mahali. Akaliona beseni. Aliliona na kochi lililokuwa pembeni yake, na mama yake mzazi juu ya kochi, amekonda, hamezi hata maji, na yeye Fundi siku ya tatu hajafumba macho.

"Mama alikuwa anakata roho!"

"Najua. Ndiyo maana sikubishana."

"Na tulipokwisha kumzika?"

"Neno lako lilikuwa bado lipo." Alisema kwa upole kabisa, kama anamweleza mwanafunzi. "Nimefundisha maisha yangu yote kwamba mtu mzima akisema hapana, ni hapana, mwenye nguvu asijitafutie njia ya kuizunguka. Nisipoiheshimu hapana ya mke wangu, nitasimama na uso gani kuwaambia wenye madaraka?" Akakitazama kiatu. "Jioni nilikuwa nakaa kwanza kwenye ngazi pale nje mpaka hamu ya kukuuliza inipite. Siku nyingine haikupita, nikawa nakwenda kwa dobi."

Fundi alitaka kumrushia kibiringo cha uzi. Alitaka pia kumkumbatia. Miaka minne! Watu wengine hugombana na waume kwa kutosikilizwa. Yeye wake alimsikiliza mpaka akamzika hai.

"Nimekufungulia," akasema. "Kaa hapo. Niulize."

Bwana Tuseme akakaa kwenye kigoda kama mtu anayeingia maji ya baridi. "Mama," akasema, akakigeuza kiatu mkononi. "Mama, tuseme mtu ameacha nguo kwa dobi..."

Fundi akasikiliza mpaka mwisho, ingawa alilijua lote.

"Hapana," akasema.

Mzee akafumba macho, uso wote ukamlegea kwa raha. "Hapana kwa nini?"

Sasa hapo ndipo jambo lilipoharibikia. Fundi alifungua mdomo alete jibu lake, kama zamani, na halikuwapo. Miaka minne bila kuulizwa, kichwa nacho kilikuwa kimekaa bure. Lakini jibu la dobi lilikuwa pale, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa, linasubiri mtu wa kulichukua. Akamwona yule mwanamke na kigoda chake na lile jicho moja. Kwa nini awe yeye tena?

"Dobi amfuate," akasema. "Huenda amesema usinitafute kwa sababu hana nguvu za kusema nitafute."

Bwana Tuseme akafumbua macho. "Hilo umelitoa wapi?"

"Kichwani. Kwani kichwa changu kimehama?"

Alikwishaondoka kabla sentensi haijaisha, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, kwenda kuandika.

Siku tatu zilizofuata nyumba ilirudi ujana. Bwana Tuseme alitoka chumbani na swali, akarudi, akatoka tena. Jumanne hakwenda nyuma ya posta, wala Alhamisi. Wifi alipita kuulizia, akawakuta wanabishana juu ya neno heshima mpaka wali ukaungua, akaondoka akitikisa kichwa. "Kumbe hii ndiyo nyumba yenye mwanamke mwingine," alisema mlangoni. Fundi alicheka. Lakini kila akicheka kitu kilimchoma mahali, kama pini iliyosahauliwa kwenye nguo mpya. Hujui iko wapi mpaka uinue mkono.

Ijumaa saa kumi ukumbi wa chuo ulijaa. Walikuja waliokuwa wanafunzi wake, wengine sasa ni mahakimu, wengine wabunge, mmoja ni kinyozi na ndiye aliyevaa vizuri kuliko wote. Dobi naye alikuja. Alikuwa ameleta joho limenyooka kama karatasi, Bwana Tuseme akamwambia asiondoke, akakaa mstari wa tatu akiwa ameificha mikono yake chini ya mkoba.

Mkuu wa kitivo alisoma habari za mzee: vitabu vinne, miaka miwili ya kusimamishwa, kamati ya hospitali iliyomwita aseme nani alazwe kwanza, cheo cha serikali alichokataa. "Lakini sisi wote," alisema mkuu, "tutamkumbuka kwa jambo moja alilotufundisha, kwamba kitambaa si cha fundi, na vipande virudi kwa mwenyewe." Ukumbi ukapiga makofi. Fundi, mstari wa mbele, hakupiga. Pini ilikuwa imempata.

Bwana Tuseme akapanda. Akaeleza mfano wa nguo zilizoachwa. Akasema kwamba kwa miaka mingi angejibu, azitunze, asimtafute. "Nilidhani kuheshimu neno la mtu ni kulitunza jinsi alivyoliacha. Nilikuwa nimekosea, na kosa hilo nimelifanya nyumbani kwangu pia. Jibu bora nimelipata Jumatatu." Akalisoma. Kisha akaongeza: "Jibu hili, kama yote mazuri niliyowahi kuandika, ni la mke wangu."

Makofi yalilipuka. Watu waligeuka kumtazama Fundi. Alikuwa amelitaka hili maisha yake yote, na sasa limekuja, mbele ya mahakimu na wabunge. Akageuka nyuma. Dobi naye alikuwa anapiga makofi, na vidole vyake vilivyochanika, kwa nguvu zote, hana kinyongo hata chembe. Tena alimkonyeza.

Bora angenuna. Konyezo lile ndilo lililommaliza Fundi.

Akasimama. Makofi yakazidi, watu wakidhani anashukuru. Akangoja. Akisema, atamrudisha mume wake kwenye kile kigoda cha nyuma ya posta kwa mkono wake mwenyewe. Asiposema, atakaa na kipande cha watu mfukoni mpaka kufa.

"Si langu," akasema.

"Nini, mama?" Bwana Tuseme aliinama kutoka jukwaani.

"Jibu. Si langu. Nimelichukua kwa huyu hapa." Akamwelekezea kidole dobi, ambaye alizama kitini. "Yeye alimfuata mwenye nguo kweli, kwa miguu yake. Wewe ulikaa kwake miezi na miezi hukumuuliza alifanya nini, ukabaki kuuliza dobi afanye nini. Na mimi nilikuwa na kijicho, nikakwambia limetoka kichwani kwangu. Basi. Kipande kimerudi."

Bwana Tuseme alimtazama dobi, akamwinamia kichwa kama anavyoinamiwa mwalimu, akaandika kitu pembeni ya karatasi yake. Fundi aliona vizuri kwamba anaandika. Akaanza kukaa, kama mtu aliyekwisha kufunga duka.

"Usikae," alisema Bwana Tuseme. Aliivua miwani. "Hilo ni la dobi, nimeliandika ni la dobi. Nakuuliza wewe sasa. Mama, tuseme nguo zimeachwa kwako. Wewe ungefanya nini?"

Fundi akabaki amesimama nusu, mkono kwenye kiti chake. Akafikiri. Alifikiri kwa muda, mbele za watu, na hakuna aliyemharakisha. Alifikiri juu ya beseni, na ngazi za nje, na mtu anayekaa kwenye ngazi akisubiri hamu impite.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Wiki tatu ni nyingi mno. Mimi ningemfuata kesho yake."

"Kesho yake nguo zilikuwa bado mbichi!" alisema dobi kutoka mstari wa tatu, akashika mdomo, lakini neno lilikwishatoka.

"Ningezipeleka mbichi!" Fundi alimgeukia. "Zikauke kwake!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kinyozi akapiga meza. Juu ya jukwaa Bwana Tuseme hakucheka. Alikuwa anajipapasa masikio yote mawili na mifuko ya joho, anatafuta kalamu, ambayo alikuwa ameishika.